MAHKAMA NA MAMBO YA NDANI YA JUMUIYA ZA DINI: MPAKA UKO WAPI?

Matini ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi



Mtumishi wa Zanzibar anayefika Dodoma kwa kazi za Muungano huona mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni nyumba za ibada. Upo Msikiti wa Gaddafi, uliofunguliwa mwaka 2010. Lipo Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu la Waanglikana, ambao Dayosisi yao ya Tanganyika ya Kati ilianzishwa mwaka 1927, na lipo Kanisa Kuu la Jimbo la Kikatoliki, lililopandishwa kuwa Jimbo Kuu mwaka 2014. La pili ni vyombo vya dola. Lipo Bunge, zipo wizara zilizohamia kuanzia mwaka 2016, na yapo makao makuu ya Mahkama ya Tanzania yaliyozinduliwa Aprili 2025. Nyumba za ibada na vyombo vya dola vimejengwa katika mji mmoja, lakini kati yao pana mpaka uliowekwa na Katiba.

Mpaka huo haujulikani vyema kwa watu wengi. Mgogoro unapozuka katika msikiti au kanisa, wako wanaokimbilia mahkamani kwa kila jambo, wakatumia fedha zilizochangwa na waumini, na mwishowe wakarejeshwa nyumbani kwa kuambiwa kuwa shauri lao halikuwa la mahkama. Wako wengine wanaodhani kuwa mahkama haina neno lolote na jambo la dini, wakanyamaza mpaka kiwanja cha wakfu kikauzwa mbele ya macho yao. Makosa haya mawili yana asili moja, nayo ni kutojua lipi ni la waumini wenyewe na lipi ni la sheria ya nchi. Madhumuni ya mazungumzo haya ni kuyatenganisha mambo hayo.

MPAKA ULIVYOWEKWA

Kifungu cha 19 cha Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 kinampa kila mtu uhuru wa mawazo, wa imani na wa uchaguzi katika mambo ya dini. Kifungu hicho kinaendelea kueleza kuwa kutangaza dini na kufanya ibada ni jambo la hiari ya mtu binafsi, na kwamba shughuli na uendeshaji wa jumuiya za dini hauwi miongoni mwa kazi za mamlaka ya nchi. Kwa upande wa Visiwani, Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 nayo inaulinda uhuru wa dini katika kifungu chake cha 19.

Ulinzi huu haukuwapo tangu mwanzo. Haki za msingi ziliingizwa katika Katiba ya Muungano kwa marekebisho ya mwaka 1984, na mwananchi akaanza kuweza kuzidai mahkamani mwaka 1988. Kabla ya hapo dola ilikuwa na mkono mrefu zaidi. Mwezi Disemba 1968, kwa mfano, Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki ilipigwa marufuku Tanzania Bara, na mwezi huo huo likaundwa Baraza Kuu la Waislamu, BAKWATA. Hatua kama ile ikichukuliwa leo ingepaswa kupimwa kwa Katiba, na aliyeguswa angekuwa na mlango wa mahkama wa kuupiga hodi.

Hata hivyo, uhuru huo si wa kufanya lolote. Kifungu cha 30 cha Katiba hiyo kinaruhusu sheria kulinda haki za watu wengine, usalama, amani na afya ya jamii. Kwa hivyo mpaka uliowekwa na Katiba unafanya kazi kwa pande zote mbili. Unaizuia dola isiingie madhabahuni na mihirabuni, na pia unamzuia kiongozi wa dini asiifanye dini ngao ya kukwepa sheria.

YASIYOAMULIWA NA MAHKAMA

Jambo la kwanza lisilo la hakimu ni itikadi. Hakimu hawezi kuulizwa ni tafsiri ipi ya Kurani iliyo sahihi, wala ubatizo upi ndio wa kweli, wala Idd iswaliwe kwa kuandama kwa mwezi wa hapa au wa Makka. Elimu aliyonayo hakimu ni ya sheria, na kiapo alichokula ni cha kuilinda Katiba. Akiamua jambo la itikadi atakuwa amelifanya dhehebu moja kuwa la Serikali na jengine kuwa la wapotofu.

Somo hili lilionekana wazi katika kesi ijulikanayo kwa jina la Dibagula. Mhubiri wa Kiislamu wa Morogoro, mkoa unaopakana na Dodoma kwa upande wa mashariki, alitiwa hatiani mwaka 2001 kwa kosa la kuumiza hisia za dini za watu wengine, kwa kuwa alihubiri kwamba Yesu si mwana wa Mungu. Kesi ile iliwatia watu joto kubwa. Mwaka 2003 Mahkama ya Rufaa iliifuta hatia hiyo. Mahkama haikusema kuwa maneno yale ni kweli, wala haikusema kuwa ni uongo. Iliangalia iwapo aliyesema alikuwa na nia ya makusudi ya kuumiza, au alikuwa akieleza imani yake kama alivyo na haki ya kueleza. Swali la nani Yesu liliachiwa misikiti na makanisa.

Jambo la pili ni sifa za kiroho za kiongozi. Nani ana uchamungu wa kutosha kuwa imamu, nani ana wito wa upadri, nani ametubu na nani hajatubu, hayo yanapimwa na wenye dini yao kwa mizani yao.

YANAYOAMULIWA NA MAHKAMA

Yapo mambo manne ambayo, ijapokuwa yametokea ndani ya uwanja wa msikiti au kanisa, hayaachi kuwa mambo ya sheria.

La kwanza ni mali. Jumuiya ya dini Tanzania Bara husajiliwa na Msajili wa Jumuiya katika Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337. Mali yake humilikiwa kwa kawaida na bodi ya wadhamini waliosajiliwa chini ya sheria ya wadhamini, Sura ya 318, ambayo husimamiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Bodi hiyo ndiyo yenye uwezo wa kushitaki na kushitakiwa. Mwaka 2018, kwa mfano, Mahkama ya Rufaa iliamua shauri la ardhi kati ya wadhamini wa shirika la Masista wa Roho Mtakatifu na watu 137 waliodai kuwa ardhi ilikuwa imeshakuwa yao kwa kuikaa muda mrefu. Dai hilo la ukaazi wa muda mrefu lilikataliwa. Lililopimwa ni milki na sheria yake, na imani ya wahusika haikuwa na uzito katika mizani.

La pili ni utaratibu. Jumuiya inapojiandikia katiba na kuisajili, imejifunga kwa maneno yake wenyewe. Ikiwa katiba hiyo imesema mkutano mkuu uitwe kwa notisi ya siku kadhaa na kiongozi achaguliwe kwa idadi fulani ya kura, mahkama inaweza kuulizwa iwapo hayo yalifuatwa. Aidha, kifungu cha 13 cha Katiba ya nchi kinampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki zake zinapoamuliwa na mahkama au chombo kinginecho. Anayefukuzwa bila ya kuambiwa kosa lake wala kupewa nafasi ya kujitetea ana jambo la kulalamikia.

La tatu ni ajira. Nesi wa hospitali ya kanisa na mwalimu wa skuli ya jumuiya ya Kiislamu ni waajiriwa kama wengine. Akiachishwa kazi Tanzania Bara, mlango wake wa kwanza ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na muda wa kupeleka lalamiko la kuachishwa ni siku 30. Wengi huupoteza muda huo kwa kungojea huruma ya viongozi.

La nne ni jinai. Kuiba fedha za sadaka ni wizi, na kumpiga muumini mwenzio ni shambulio. Hakuna katiba ya jumuiya inayoweza kuyafuta hayo.

MFANO WA MSIKITI MMOJA

Ili jambo hili lieleweke, uchukuliwe mfano wa kubuni wa msikiti mmoja katika mji wowote wa uwanda wa kati, kuanzia Kondoa hadi Manyoni. Kamati imemwondoa imamu. Kundi moja linasema ameondolewa kwa sababu ameleta mafundisho mageni. Kundi jengine linasema kamati yenyewe muda wake ulikwisha miaka miwili nyuma. Kufuli mbili zimetiwa katika mlango mmoja, na siku ya Ijumaa watu wamesukumana hadi mzee mmoja akaanguka. Wakati hayo yakiendelea, mjumbe mmoja ameanza kutafuta mnunuzi wa sehemu ya kiwanja.

Kundi lililokwenda mahkamani likiomba itamkwe kuwa mafundisho ya imamu ni bidaa halitapata jibu. Kundi lililoomba itamkwe kuwa kamati haina uhalali kwa kuwa uchaguzi haukufanyika kama katiba ilivyoagiza linaweza kusikilizwa, lakini litaulizwa kwanza: je, mmefika katika ngazi za juu za jumuiya yenu? Aliyesukumwa akaanguka atafungua jalada polisi, na huko hataulizwa anafuata mafundisho ya nani. Ama kuhusu kiwanja, wadhamini wanaweza kuomba amri ya zuio kabla ya mauzo, na katika hilo siku moja ya kuchelewa inaweza kugharimu kazi ya vizazi vitatu.

Mgogoro ni mmoja, lakini ndani yake yamo maswali manne, na kila swali lina mlango wake. Wanaoyafunga yote katika hati moja ya madai ndio wanaorejeshwa.

Kwa Dodoma suala la kiwanja lina uzito wa pekee. Kwa miaka mingi viwanja vya mji huo viligawiwa na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyoundwa mwaka 1973 na kuvunjwa mwaka 2017, ambapo kazi zake zilihamishiwa kwa halmashauri ya mji. Nje ya mji, nyumba za ibada zimejengwa katika ardhi iliyotolewa kwa kauli na wazee ambao wengi wao wameshafariki. Thamani ya ardhi imepanda tangu Serikali ilipohamia huko, na kiwanja ambacho zamani hakikuwa na mgombea sasa kinaweza kuwa na wagombea watatu. Jumuiya isiyo na hati wala wadhamini waliosajiliwa itakuwa na kazi ngumu ya kuthibitisha haki yake, hata kama kila mkaazi wa mtaa anajua kuwa pale pamekuwa pakiswaliwa siku zote.

MAFUNZO YA NCHI NYENGINE NA YA NYUMBANI

Nchi nyengine zimepita njia hii. Huko Scotland, mwaka 1900 Kanisa Huru liliungana na kanisa jengine, na waumini wachache wakakataa. Mwaka 1904 Baraza la Malord la Uingereza, likiwa mahkama ya mwisho, liliamua kuwa mali yote ni ya wale wachache, kwa kuwa wao ndio waliobakia katika misingi ya awali ambayo mali ilitolewa kwa ajili yake. Kundi dogo likajikuta na makanisa na vyuo lisivyoweza kuviendesha, hata Bunge likalazimika kutunga sheria mwaka 1905 ili mali igawanywe kwa uadilifu. Funzo lake ni kuwa katiba ya jumuiya isiyosema nini kitokee pakiwa na mfarakano inamwachia hakimu kazi ambayo hata yeye hawezi kuifanya vizuri.

Nchini Marekani, Mahkama ya Juu ilikubali mwaka 1979 kuwa mgogoro wa mali ya kanisa unaweza kuamuliwa kwa kusoma hati na mikataba kama inavyosomwa ya mtu yeyote, bila ya kugusa itikadi. Nchini Afrika Kusini, mwaka 2015 Mahkama ya Katiba ilikataa rufaa ya mchungaji aliyeondolewa katika utumishi wa Kanisa la Methodisti, kwa sababu miongoni mwa nyengine kuwa kanisa lake lilikuwa na utaratibu wa usuluhishi ambao alipaswa kuumaliza kwanza.

Nyumbani pia mafunzo yapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mvutano wa Walutheri wa Meru waliotaka dayosisi yao ulifikia uharibifu wa mali na umwagaji wa damu, mpaka hatimaye dayosisi ya Meru ikaanzishwa. Mwaka 2011, uchaguzi wa askofu wa Kianglikana wa Mlima Kilimanjaro ulipelekwa mahkamani Arusha na waumini waliodai kuwa masharti ya katiba ya kanisa hayakutimizwa. Mahkama ilitoa zuio, na ibada ya kumweka wakfu askofu ikafanyika hata hivyo. Lolote litakalosemwa juu ya mgogoro ule, jambo moja ni la kila mtu: amri ya mahkama hupingwa kwa rufaa au kwa maombi ya kuiondoa, wala haipingwi kwa kuipuuza. Anayeamini kuwa hakimu amevuka mpaka anakwenda kumweleza hakimu wa juu yake.

TAFAUTI YA ZANZIBAR NA BARA

Mzanzibari anayehamia Dodoma anapaswa kuelewa tafauti moja kubwa. Zanzibar ina Mahkama za Kadhi ambazo ni sehemu ya mfumo wa mahkama za nchi, zilizowekewa sheria mwaka 1985 na sheria mpya mwaka 2017, na hushughulikia ndoa, talaka, mirathi na mambo mengine ya Waislamu. Zanzibar ina pia Ofisi ya Mufti iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001, na Kamisheni inayosimamia wakfu na mali ya amana. Hivyo mwananchi wa Unguja au Pemba amezoea kuona chombo cha Serikali kikihusika na mambo ya Waislamu.

Bara sivyo. Mahkama za kadhi za wakati wa ukoloni hazikuendelea baada ya mfumo wa mahkama kuunganishwa mwaka 1963. Mwaka 2015 suala hilo lilifika Bungeni Dodoma katika muswada wa marekebisho ya sheria mbalimbali, likaleta mjadala mkali, na likaondolewa bila ya kupitishwa. Miongoni mwa hoja zilizotolewa ilikuwa hiyo hiyo ya kifungu cha 19, kwamba dola isibebe uendeshaji wa dini. Kwa hivyo kadhi wa Bara husuluhisha na kushauri, lakini uamuzi wake hauna nguvu ya hukumu ya mahkama. Talaka na mirathi huishia katika mahkama za kawaida, baada ya shauri la ndoa kupita kwanza katika baraza la usuluhishi. Aliyerejea na karatasi ya kadhi wa Bara akidhani ana hukumu mkononi anaweza kupata hasara kubwa katika mirathi ya wazee wake.

WAJIBU WA MTUMISHI NA WA MWANANCHI

Mtumishi wa Serikali, awe sheha Visiwani au mtendaji wa kata Bara, hana mamlaka ya kuchagua imamu, kumthibitisha mchungaji au kuamua ni kundi lipi lenye haki ya mimbari. Kazi yake ni amani. Anaweza kuwakutanisha wazee, kuwataka wote wazuie fujo, na kuwaelekeza kwa msajili, kwa wadhamini au kwa mahkama. Akipendelea upande mmoja, hata kwa nia njema, ameitia Serikali mahali ambapo Katiba imeitoa.

Kwa upande wao, jumuiya za dini zinashauriwa kuyatekeleza mambo yafuatayo kabla mgogoro haujafika:

1. Kuwa na katiba iliyosajiliwa, iliyoandikwa kwa lugha ambayo waumini wote wanaielewa, na yenye kueleza jinsi viongozi wanavyopatikana na wanavyoondolewa.

2. Kuwa na wadhamini waliosajiliwa, na kuziba nafasi ya mdhamini aliyefariki bila ya kuchelewa.

3. Kuwa na hati za viwanja kwa jina la wadhamini, wala si kwa jina la mtu mmoja, hata awe mwema kiasi gani.

4. Kuweka ngazi za usuluhishi ndani ya jumuiya, na kuziandikia muda wa kumaliza kazi.

5. Kuandika mihtasari ya mikutano na kuihifadhi, kwani mbele ya hakimu kumbukumbu ya kichwa haina nguvu kama ya maandishi.

Muumini mmoja mmoja naye ajue kuwa hawezi kushitaki kwa jina la msikiti au kanisa zima kwa kupenda kwake. Wanaotaka kuwakilisha wenzao wengi wanahitaji ruhusa ya mahkama kwanza. Mashauri mengi huanguka kwa kosa hilo dogo kabla ya kufika katika kiini chake.

HITIMISHO

Wahenga wamesema vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Jumuiya inapogombana miaka kumi mahkamani, anayefaidika ni yule aliyekuwa akikitazama kiwanja kwa mbali. Wazee wanaoweza kukaa chini ya mti, wakasoma katiba yao, wakasikilizana na wakaandikiana, wamemaliza jambo lao kwa gharama ndogo kuliko zote.

Hakimu hataingia kuswalisha, na imamu hatatoa hati ya kiwanja. Mwananchi aliyelielewa hilo atajua, siku mgogoro ukitokea, ni mlango upi wa kubisha kwanza. Watumishi na wananchi wanaombwa kuyasoma maelezo haya pamoja na kamati za misikiti na mabaraza ya makanisa yao, na kuzikagua hati zao mapema, wakati waumini wangali wanakaa pamoja kwa salama.